Kuuza Hiace ya kulala mwenyewe bila dalali, hapa Mtwara: nilivyofanya mimi

Mkuu, umesema umehamishiwa kazi Dodoma, una Hiace uliyoifunga kitanda, jiko, sola na tundu la hewa kwenye paa, madalali wa hapa mjini wanakupa bei ya kukuvunja moyo, na unataka kuiuza mwenyewe. Wadau wengi hapo juu wamekujibu "tupia mtandaoni, itaondoka". Ya kwangu haikuondoka hivyo. Niliuza ya aina hiyo hiyo mwaka 2022, nikiwa hapa hapa Mtwara, na ilinichukua miezi mitano. Mitatu ya kwanza niliipoteza kwa makosa yangu mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia kirefu.

Kazi yangu ni kufunga sola vijijini. Wiki hii Tandahimba, wiki ijayo Liwale, na huko ukimaliza kazi saa tatu usiku gesti imeshajaa au haipo kabisa. Nikanunua Hiace ya diseli, injini 5L, nikatoa viti vya nyuma, fundi seremala wa Magomeni akanitengenezea kitanda cha mninga chenye droo chini. Nikaweka tangi la maji la lita 60, jiko la gesi la mafiga mawili, betri mbili, paneli juu ya paa, na tundu la hewa lenye feni kwenye dari. Ukiacha bei ya gari, vitu na ufundi vilinila milioni 6 na laki 8. Nimelala humo miaka minne, na watoto wangu wameogea Msimbati wakikaushia nguo kwenye mlango wa nyuma. Nalipenda lile gari mpaka leo.

Sasa upendo huo ndio ulionipotosha kwenye bei. Hiace kama yangu, ikiwa na viti vyake, wakati ule hapa ilikuwa inaenda milioni 15 hadi 16. Mimi nikachukua 16, nikajumlisha gharama zangu zote, nikatangaza milioni 22 na laki 8. Wiki sita simu zilikuwa zinaita, mtu akisikia bei anakata. Mpaka dereva mmoja wa pale stendi, mtu mzima, akanieleza bila kunificha: "Kaka, mimi nikiinunua hiyo, kazi yangu ya kwanza ni kung'oa hicho kitanda na kutafuta viti. Wewe unanidai pesa ya kitu ambacho mimi nitalipa tena kukitoa."

Alikuwa sahihi. Mnunuzi wa kawaida wa Hiace hapa kwetu anaona abiria au mzigo. Kwa huyo, nyumba yako ya ndani ni hasara. Anayeihitaji kama ilivyo yupo, lakini ni mmoja kati ya wengi, na hata huyo hatakulipa ufundi wa seremala. Atakulipa gari, na juu yake thamani ya vitu vinavyoweza kufunguliwa na kuuzwa peke yake: paneli, betri, inveta, mtungi. Vyangu vilivyotumika nilivipigia hesabu ya laki tisa hivi. Kwa hiyo ukipanga bei, anza na bei ya gari tupu la mwaka huo na injini hiyo, ongeza vitu hivyo kwa bei ya mkononi, basi. Mimi nilimaliza kwa milioni 16 na nusu, na naona ilikuwa bei ya haki kwa pande zote mbili.

Kuhusu msimu, wewe ni mwenyeji, unajua. Minada ya korosho ikifunguliwa mwezi wa kumi, malipo yanaanza kushuka kwa wakulima kupitia AMCOS, yaani vyama vyao vya ushirika, na Novemba na Desemba mji mzima unabadilika. Upande wa Lindi, Nachingwea, Ruangwa na Liwale, kuna msimu wa ufuta katikati ya mwaka. Nje ya hapo utahangaika, hasa kipindi cha masika: pesa imeisha, na barabara nayo haiaminiki. Mei 2024 mafuriko yalipokata barabara ya Kilwa pale Somanga, mtu wa Dar hata kama alikuwa na pesa mkononi asingefika kuangalia gari. Kama kazi inakuruhusu, liache gari kwa ndugu unayemwamini mpaka Novemba badala ya kulitupa sasa hivi.

Halafu fikiria ni nani anayelala safarini msimu huo. Mimi nilikuwa nawawazia watalii na watu wa Dar wanaopenda matembezi. Kumbe mnunuzi wangu alikuwa mama mmoja wa Masasi anayeuza vitenge, magodoro na vyombo, anayefuata pesa ya korosho kijiji hadi kijiji. Alikuwa analala kwenye mabanda ya magulio juu ya mizigo yake kwa kuogopa wezi. Nilipobadilisha tangazo, nikaacha maneno ya "safari na familia" na kuandika "unalala ndani na mali yako, taa na chaji ya simu usiku kucha bila kuwasha injini", alipiga siku ya tatu.

Lakini kabla ya huyo mama kuna jambo lazima nikwambie, maana na wewe una tundu kwenye paa.

Gari lolote la kulala linaoza kuanzia juu. Ukishatoboa bati la paa kwa ajili ya feni, paneli au waya, maji yatapatafuta hapo. Langu lilikuwa na doa la rangi ya chai pembeni ya tundu la hewa, ukubwa wa kiganja. Nilijua. Nikanunua kopo la rangi nyeupe nikapaka dari yote ikang'aa. Akaja mnunuzi wa kwanza wa maana, kijana mtaratibu kutoka Lindi, ana milioni 17 na yuko tayari. Akapanda, akalala kitandani chali kujaribu urefu, akawa anatazama dari. Kisha akainua mkono, akabonyeza kwa kidole gumba pale pale. Plaiwudi ikaingia ndani kama mkate uliolowa, na rangi yangu mpya ikapasuka. Hakugomba. Akashuka, akavaa viatu, akasema, "Kama hili umelificha, na injini je?" Akaondoka. Injini ilikuwa nzima kabisa, lakini ningemthibitishiaje baada ya hapo?

Ile siku niliumia sana, na nilistahili. Kesho yake nikafungua dari yote. Nikatoa plaiwudi iliyooza, nikakwangua silikoni ya zamani, nikasafisha bati mpaka likang'aa, nikapiga silikoni mpya, nikalimwagia paa maji kwa mpira nusu saa huku mwanangu akiwa ndani na tochi. Kila hatua nikapiga picha. Kazi yote, pamoja na plaiwudi mpya, ilinigharimu laki moja na elfu arobaini. Mama wa Masasi alipokuja, kitu cha kwanza nilichomwonyesha ni picha za ubovu ule. Alizitazama moja moja, akaniambia, "Haya mwanangu, sasa nionyeshe na mengine." Nikamwonyesha kutu ya chini. Nyumba yangu iko Shangani, upepo wa bahari unapiga mchana na usiku, na gari la pwani lina chumvi kwenye chesisi hata ukiliosha vipi. Yeye na fundi wake wakaingia chini na nyundo ndogo, wakagonga gonga. Palikuwa na sehemu mbili za kuchomelea. Nikapunguza laki tatu bila ubishi.

Huyo fundi wake nilimheshimu. Alipofika, hata salamu hazijaisha, aliweka kiganja juu ya boneti kuona kama injini ina joto. Diseli ikishachemshwa inawaka kirahisi na kuficha matatizo, kwa hiyo na wewe usiliwashe asubuhi wanapokuja. Waache walikute baridi, waliwashe wenyewe, wauone moshi. Tulikwenda nalo mpaka Mikindani na kurudi, mimi nimekaa pembeni ya dereva. Usimpe mtu gari aende kujaribu peke yake, hata akikuachia pikipiki yake. Na jiko la gesi lijaribu mbele yao kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira. Mama alitaka kuona kwa macho yake, maana analala humo na mjukuu wake.

Sasa kadi ya gari. Hapa nakuomba usome taratibu.

Mwaka 2017 niliuza pikapu yangu ya zamani kwa jamaa tuliyefahamiana. Tuliandikishana, akanilipa, nikampa kadi, akasema uhamisho atafanya "wiki ijayo". Hakufanya. Akaiuza kwa mwingine, naye akaiuza tena. Mwaka 2019 nikagundua kwamba namba ile ina faini saba za trafiki za shilingi 30,000 kila moja, zote zikiwa bado ziko kwenye jina langu. Baadaye nikaitwa kituoni kwa sababu pikapu imegonga mtu wa baiskeli mkoa mwingine. Aliumia mguu, akapona, namshukuru Mungu. Lakini nilikaa siku nzima kwenye benchi nikieleza habari za gari ambalo sijaliona miaka miwili, na mkataba wenyewe panya walikuwa wameshautafuna nusu. Toka siku hiyo, kwangu gari halijauzwa mpaka kadi isome jina la mwingine.

Kwa Hiace tulifanya hivi. Kwanza nikaangalia deni la faini na la maegesho kwa namba ya gari, nikalipa lililokuwepo. Leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, kwa hiyo hiyo haikusumbui. Tukaenda kwa wakili na mkataba wa mauziano: majina kamili, namba za vitambulisho vya NIDA, namba ya chesisi na ya injini zilizosomwa kwenye gari lenyewe na kulinganishwa na kadi, na orodha ya vitu vya ndani kimoja kimoja, mpaka godoro. Kwa gari la kulala orodha hiyo ni ya lazima. Nimeona watu wakigombana kwa sababu muuzaji alifungua betri ya pili usiku wa mwisho akidai haikuwa sehemu ya bei. Kisha TRA, sote wawili tukiwa na TIN zetu, yaani namba za mlipakodi. Wakati ule zililipwa 50,000 ya uhamisho, 10,000 ya kadi mpya, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei. Kubalianeni mapema nani analipa nini. Sisi tuligawana.

Pesa ilipita benki, kaunta, kutoka akaunti yake kwenda yangu, na nilisubiri mpaka mhudumu akaniambia salio limeingia. Meseji ya muamala kwenye simu usiitegemee, zinatengenezwa. Na akija mtu na lugha ya "nakupa nusu, nusu nikilipwa korosho", muelewe kwamba hata akiwa mkweli, bei ya mnada haiko mikononi mwake. Mama mwenyewe aliniomba hivyo mwanzoni. Nikamwambia, "Mama, gari nitalihifadhi wiki mbili kwa ajili yako, simwonyeshi mtu, na sikudai hata shilingi ya kulishikilia." Siku ya kumi na moja alikuja na pesa kamili.

Picha ya kadi usiitupie mtandaoni, mwonyeshe mtu ana kwa ana. Na kwa wale waliouliza hapo juu kuhusu magari ya kulala ya wageni yenye namba za nje, yanayoingia kutoka Msumbiji kwa daraja la Mtambaswala: gari hilo limeingia kwa kibali cha muda, ushuru wake haujalipwa. Mgeni akikuambia anakuachia kwa bei ya kutupa, hana cha kukuhamishia mpaka ushuru wa forodha umalizwe, na ushuru huo unaweza kuzidi bei anayokutajia. Tafadhali msiingie huko kwa kishawishi cha kuona friji na choo ndani.

Mkuu, kama bado uko hapa wiki hii, lala chali kwenye kitanda chako leo mchana, ubonyeze dari pande zote za tundu na pale waya wa paneli unapoingilia. Halafu piga picha ya chini ya gari, upande wa nyuma karibu na tairi, uiweke hapa pamoja na mwaka wa gari na aina ya injini. Nitakuambia ningeanzia bei gani.