Gisela 5 haikubadilishwa vinasaba

Wapo wanaouliza kama Gisela 5, shina la kubebeshea (mche wa chini wenye mizizi, ambao juu yake huunganishwa mcheri wa matunda), ni GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba. Hapana, si GMO. Ni chotara wa kawaida: huko Giessen, Ujerumani, mcheri mchachu wa Schattenmorelle ulichavushwa kwa Prunus canescens, jamii ya mcheri kutoka China, kisha miche ikachujwa kwa miaka mingi. Ukoo huo umeandikwa wazi kwenye vitabu vya kilimo cha matunda. Nadhani kinachochanganya watu ni chupa za maabara. Chotara huyu ana seti tatu za kromosomu, mbegu zake hazitegemeki, kwa hiyo shina hili la kubebeshea huzalishwa kwa vipandikizi au kwa kukuza vipande vya tishu zake kwenye chupa hizo za maabara. Ni kunakili tu, hakuna jeni inayoguswa. Ila kwenye udongo hafifu, bila maji ya uhakika na kupogoa, utavuna cheri nyingi lakini ndogo.