Seva ya pili nayo hufuta

Ijumaa moja, kabla ya swala, nilikuwa narekebisha deni la mvuvi mmoja katika hifadhidata ya chama cha akiba na mikopo ninachokihudumia hapa Malindi. Niliandika amri ya kufuta, nikasahau kutaja ni rekodi ipi. Nikabonyeza. Jedwali zima la malipo likabaki tupu.

Mwanzoni sikuogopa sana. Tulikuwa na seva ya pili Mombasa, na Postgres, programu ya hifadhidata yetu, ikirudufisha huko kila badiliko. Nikaifungua: nayo tupu. Amri yangu ilishafika na kutekelezwa.

Kilichotuokoa ni bakapu, yaani nakala ya akiba iliyowekwa kando, ya saa nane usiku. Malipo ya asubuhi ile tuliyaingiza upya kutoka kwenye vishina vya risiti, vingine vimelowa maji ya chumvi, vingine vimegandana kwa magamba ya samaki. Mzee mmoja alisimama dirishani akaniuliza, "Mwanangu, zile elfu mbili nilizolipa leo zimeandikwa?" Kishina chake tulikipata Jumamosi jioni.

Basi nakusihi, seva inayoiga kila badiliko usiiite bakapu. Itakufaa diski ikifa au chumba kikiungua. Mkono ukikosea, kosa litarudufishwa kama data nyingine yoyote. Siku hizi seva yetu ya Mombasa hupokea mabadiliko papo hapo lakini huyatekeleza baada ya muda wa saa sita kupita. Mpangilio wenyewe ni recovery_min_apply_delay. Nikikosea, naisimamisha kabla kosa halijafika zamu yake. Seva kuu ya Malindi ikizima kabisa, naondoa ucheleweshaji na yote yaliyokwisha kupokewa yanaingia. Bakapu ya usiku inabaki palepale, na kumbukumbu za mabadiliko tunazihifadhi pembeni ili tuweze kurudi hadi dakika tunayoitaka.

Bakapu nayo ifunguliwe. Tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi za programu mtandaoni, walifuta kwa bahati mbaya data ya seva yao kuu, kisha wakagundua bakapu zao za kila siku zilikuwa zikishindwa kimyakimya kwa sababu ya toleo lisilolingana la programu. Walipoteza takriban saa sita za data. Wale ni mafundi wa kutegemewa. Wewe na mimi tuna sababu gani ya kujiamini bila kujaribu?

Jambo jingine ni intaneti. Ikikatika, seva kuu huweka mabadiliko ambayo mwenzake hajayachukua, na ukitumia sloti za urudufishaji (alama zinazoonyesha seva ya pili imefikia wapi) bila kikomo, yatarundikana mpaka diski ijae na seva kuu yenyewe isimame. Tangu Postgres 13 kuna mpangilio wa kuweka kikomo hicho, max_slot_wal_keep_size. Iwekee kiasi.

Kila baada ya miezi mitatu, Jumapili, tunaizima Malindi na kufanya kazi kwa seva ya Mombasa. Mara ya kwanza ilituchukua saa tatu, kwa sababu anwani ya seva ya zamani ilikuwa imeandikwa ndani ya kompyuta ya kila karani. Sasa wote wanatumia jina moja, nasi tunabadilisha linakoelekea. Seva ya zamani hatuiwashi mpaka tuhakikishe haitapokea malipo: fahali wawili hawakai zizi moja, na seva kuu mbili zikiandika kila moja daftari lake, kuyapatanisha ni kazi ya siku nyingi.

Zoezi lijalo nitamwachia karani mdogo aliendeshe peke yake, nami nitakaa nyuma yake nikiwa na saa tu mkononi.