Kuzeesha karatasi kwa wino: kila doa liwe na sababu

Kadi ya kwanza niliyojaribu kuizeesha niliichoma moto. Ilikuwa sampuli ya mwaliko wa maadhimisho ya miaka 50 ya ndoa, na familia iliyoniagiza ilitaka ionekane kama barua iliyokaa sandukuni tangu siku ya harusi yenyewe. Niliwasha mshumaa, nikapitisha kingo za karatasi juu ya mwali hadi zikawa nyeusi na kujikunja, kisha nikaipeleka Ilala nikiamini kwamba kazi imekamilika. Mzee mwenye sherehe aliishika, akaigeuza mara mbili, akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hii haijazeeka. Hii imeungua." Alimtuma mjukuu wake chumbani akalete bahasha ya nailoni, na ndani yake mlikuwamo cheti chake cha ndoa, risiti kadhaa za dukani na barua chache alizoandikiana na mkewe kabla hawajaoana.

Nilikaa na karatasi zile karibu saa nzima, kwa ruhusa yake, nikiziangalia kama fundi cherehani anavyoangalia mshono wa mwenzake. Katikati ya cheti palikuwa bado peupe kiasi, lakini kingo zake zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na rangi hiyo ilikuwa ikififia kidogo kidogo kuelekea ndani. Pale kilipokunjwa mara nne palikuwa na msalaba wa mistari ya kahawia, na kwenye makutano ya mistari hiyo karatasi ilikuwa imetoboka. Kona ya chini upande wa kulia ilikuwa na giza la vidole. Barua moja ilikuwa na doa la maji, na nilishangaa kuona kwamba ukingo wa doa ulikuwa na rangi iliyokolea kuliko tumbo lake. Hapakuwa na mahali popote palipokuwa peusi tititi. Tangu siku ile sijagusa wino kabla ya kujiuliza karatasi ninayoitengeneza ilishikwa wapi, ilikunjwa vipi na mwanga uliifikia kutoka upande gani.

Maswali hayo yana msingi katika maumbile ya karatasi yenyewe. Tangu katikati ya karne ya 19 karatasi nyingi zimekuwa zikitengenezwa kwa nyuzi za mti, ilhali zamani zilitengenezwa zaidi kwa matambara ya kitani na pamba, ambayo hudumu vizuri sana. Mti una lignini, yaani kile kinachoshikamanisha nyuzi zake, na lignini ikipata hewa na mwanga hugeuka njano na baadaye kahawia. Ndiyo sababu gazeti ukiliacha dirishani penye jua kali hubadilika rangi katika siku chache tu. Kwa kuwa hewa huingia katika rundo la karatasi au katika kitabu kupitia pembeni, kingo ndizo zinazotangulia kukolea, na katikati hufuata kwa kuchelewa. Mtu anayepaka rangi moja sawasawa karatasi nzima hupata karatasi ya rangi ya kahawia, ambayo ni kitu tofauti kabisa na karatasi kuukuu.

Kuhusu wino wenyewe, nitaanza na ule unaosifiwa zaidi na wapenzi wa sanaa hii duniani, yaani pedi za Distress za kampuni ya Ranger, ambazo zilibuniwa na Tim Holtz. Nililetewa mbili na ndugu yangu aliyesafiri, rangi za Vintage Photo na Walnut Stain, na ninakiri kwamba ni nzuri. Ubora wake unatokana na rangi inayoyeyuka majini na kukawia kukauka, kwa hiyo unapata muda wa kuisambaza kwa sponji bila kuacha mistari, na ukiidondoshea maji baadaye rangi hukimbilia pembeni ya tone na kuacha ule ukingo uliokolea niliouona kwenye barua ya mzee. Hata hivyo, sioni sababu ya mtu wa Dar es Salaam kuahirisha kazi yake akisubiri pedi hizo. Wino wa kalamu na wino wa muhuri wa rangi ya kahawia, pale unapopatikana katika maduka ya vifaa vya ofisi kule Kariakoo, hufanya kazi hiyohiyo ukiuzimua kwa maji, mradi uwe wa aina inayoyeyuka majini. Ujaribu kwanza: chora mstari, uache ukauke, kisha upitishe kidole chenye maji. Mstari ukitawanyika, wino huo unafaa kwa madoa na kingo. Ukibaki ulivyo, basi huo ni wa chembe za rangi zisizoyeyuka, nao unafaa kwa mhuri na maandishi ambayo hutaki yaharibike utakapopaka wino mwingine juu yake.

Wino mweusi nauogopa. Ukiutumia peke yake kwenye kingo, karatasi huonekana imechafuliwa na masizi. Ninapotaka kivuli kizito zaidi, naongeza tone moja la nyeusi katika kahawia, tena mwisho kabisa, na mara nyingi naishia kuona kwamba sikuihitaji.

Chai ya rangi nayo ina nafasi yake, na ndiyo ninayoitumia kama msingi kabla ya wino. Nachemsha vijiko vinne vya majani katika nusu lita ya maji, nachuja mara mbili kwa kitambaa, naiacha ipoe, kisha naipaka kwa brashi pana kwa haraka, nikiacha baadhi ya sehemu bila kuzigusa. Kinachotia rangi katika chai ni tanini, ule ukakasi wa mimea unaokaza ulimi, na tanini hiyohiyo ndiyo iliyofanya magome ya mikoko ya delta ya Rufiji yasafirishwe ng'ambo kwa kazi ya kutengenezea ngozi. Niliwahi kupewa magome makavu ya mkandaa, nikayachemsha muda mrefu, nikapata rangi nyekundu ya kahawia iliyokolea kuliko chai yoyote. Kwa karatasi ilikuwa nyekundu mno, lakini nilipoichanganya na chai ilinipa kahawia yenye joto ambayo sijaipata dukani.

Tanini ina tabia nyingine ambayo mtu wa kazi hii anapaswa kuifahamu, kwa sababu ikikutana na chuma hugeuka nyeusi. Kwa karne nyingi wino wa kuandikia huko Ulaya na katika nchi za Kiarabu ulitengenezwa kwa njia hiyo, kwa kuchanganya tanini ya mimea na chumvi ya chuma. Mwandishi aliandika kwa rangi hafifu, maandishi yakakolea baada ya kupata hewa, na baada ya miaka mingi yakageuka kahawia. Mimi naloweka waya laini wa chuma wa kusugulia masufuria katika siki kwa siku tatu au nne, kisha nachuja maji yake na kuchora nayo juu ya karatasi iliyokwisha kupakwa chai. Mistari hutokea ya kijivu kilichokolea mbele ya macho yako, na hakuna wino wa dukani unaotoa sura hiyo. Chupa ya siki na chuma usiifunge kizibo kwa nguvu, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi na chupa iliyozibwa inaweza kupasuka. Fanya kazi hiyo mahali penye hewa, mbali na jiko.

Sasa nije kwenye mkono. Badala ya sponji za dukani, mimi huomba vipande vya godoro kwa mafundi wa sofa, ambao huvitupa, nikavikata vidogo kama kiberiti. Pedi au bakuli la wino liwe kulia, karatasi ya majaribio iwe chini, na kadi iwe juu yake. Gusisha sponji kwenye wino, kisha uanze kuzungusha juu ya ile karatasi ya majaribio, nje ya kadi, ukisogea taratibu mpaka uingie juu ya ukingo wa kadi. Anayeanzia juu ya kadi yenyewe huacha alama ya duara ambayo haifutiki, nami nimeharibu kadi za kutosha kujua hivyo. Anza na rangi hafifu, uingie ndani kiasi cha upana wa kidole, kisha rangi iliyokolea ibaki kwenye ukingo tu, kama uzi. Kabla ya hapo mimi husugua kingo kwa msasa laini ili nyuzi za karatasi zifunguke, maana nyuzi zilizofunguka hunywa wino zaidi na kingo hukolea zenyewe bila kulazimishwa.

Mikunjo inahitaji uvumilivu zaidi. Ikunje kadi kama ambavyo barua ingekunjwa ili iingie katika bahasha, ikandamize kwa ukucha, ifungue, ikunje upande wa pili, kisha upitishe sponji iliyokaribia kukauka juu ya mgongo wa mkunjo. Wino utakaa mahali palipoinuka peke yake. Wengine hukunjakunja karatasi yote mkononi kama takataka na kuipaka wino, na matokeo yake huvutia macho kwa haraka, lakini jiulize ni nani aliyewahi kuhifadhi cheti chake cha ndoa kwa kukifinyanga.

Giza la vidole nalipaka kwa kidole changu halisi, nikikigusisha kwenye wino na kukifuta kwanza kitambaani hadi kibaki na kivuli tu. Hapa pana jambo ambalo wengi wetu hulisahau. Ukurasa ulioandikwa kwa herufi za Kilatini hufunguliwa kwa kushikwa kona ya chini ya kulia, lakini ukurasa wa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama miswada ya kale inayohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hufunguliwa kutoka upande wa pili, kwa hiyo vidole huacha alama kona ya chini ya kushoto. Nilipotengeneza kadi ya maulidi yenye mstari wa herufi hizo, niliweka kivuli upande wa kushoto, na bibi mmoja wa familia ile alipoipokea aliishika palepale nilipopaka.

Kwa habari ya karatasi, chagua isiyong'aa. Karatasi ya kung'aa imefunikwa na tabaka linalozuia wino kuzama, hivyo rangi huelea juu na kufutika mkononi. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 hulegea na kuchanika ikipakwa chai, kwa hiyo kwa kadi natumia ya gramu 200 au zaidi, na ile ya 80 naiacha kwa barua za ndani, nikizipaka wino mkavu peke yake.

Uchapaji ndio ulionigharimu zaidi. Nilichapa kadi 60 kwa printa ya wino nyumbani, nikazipulizia chai, na majina ya maharusi yakaenea kama moshi. Ilinibidi kununua karatasi upya kwa fedha yangu. Printa ya leza na mashine ya fotokopi hutumia tona, ambayo ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kushikamana na karatasi, na maji hayaiwezi. Lakini joto inalihofia, hivyo ukipiga pasi kadi iliyochapwa kwa tona, piga upande wa nyuma kwa joto la chini na uweke karatasi ya kuokea chini yake, la sivyo maandishi yatahamia kwenye meza.

Nimeombwa mara moja, na mtu ambaye sikumfahamu, nizeeshe karatasi ya mauziano ya kiwanja ili ionekane ya miaka mingi iliyopita. Nilikataa, na ninamsihi kila anayejifunza kazi hii akatae pia. Katika mji huu familia zimefukuzwa kwenye nyumba zao kwa karatasi za uongo. Hata katika kadi za mapambo sichongi mhuri unaofanana na wa ofisi yoyote ya umma. Nachonga ua, ndege au jahazi kwenye kifutio, naupiga kwanza kwenye karatasi ya majaribio mara mbili ili wino upungue, na mpigo wa tatu ndio unaokwenda kwenye kadi, ukiwa umefifia kama muhuri wa zamani.

Picha halisi za familia usizipake kitu chochote. Chai ina asidi, nayo itaendelea kuila karatasi kwa miaka mingi baada ya wewe kuisahau, na wino wa chuma ni mkali zaidi. Kwa kadi ambayo itatumika mwezi mmoja hilo si tatizo, lakini kwa albamu inayokusudiwa kurithiwa natengeneza nakala ya picha, naizeesha nakala kwa wino usio na asidi, na picha yenyewe naiweka katika bahasha yake mwishoni mwa albamu.

Mwisho ni unyevu. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, karatasi iliyopakwa chai asubuhi huwa bado baridi mkononi jioni, na ukizipanga moja juu ya nyingine katika hali hiyo utakuta ukungu baada ya siku mbili. Nazianika kwa vibanio kwenye kamba ndani ya chumba, feni ikiwa inazunguka, na nikiwa na haraka namalizia kwa draya ya nywele kwa umbali wa urefu wa mkono. Zikikauka kabisa nazilaza chini ya ubao mzito usiku kucha ili zinyooke. Kadi za yule mzee wa Ilala zilikuwa 120, na zilinichukua siku nne, moja kati ya hizo ikiwa ya kungoja zikauke. Nilipompelekea aliichukua ya juu, akaifungua na kuikunja tena kwa kufuata mistari yangu, akaitia katika ile bahasha ya nailoni pamoja na cheti chake.