Kuwapiga picha watoto wakicheza: ruhusa ya nani, na mwisho wake saa ngapi?

SWALI: Assalaamu alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Ujiji, Kigoma, riziki yangu ni kupiga picha. Siku za Iddi huenda uwanjani kuwapiga picha watoto wakicheza kombolela, wakiruka kamba, wakifukuza tairi. Picha zinazopendwa zaidi ni zile ambazo mtoto hajui kama anapigwa. Sasa mzee mmoja wa msikitini kwetu kaniambia kupiga picha ya chenye roho ni haramu na pesa yake haifai. Na mama mmoja alinijia juu kwa kuweka picha ya mwanawe kwenye statasi ya WhatsApp, akasema namtia mwanawe jicho. Je, niache kazi hii? Na kama inafaa, mipaka yake ni ipi?

JIBU: Wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mzee wako hakukurupuka. Hadithi zinazowakemea watengenezaji wa sura zimo kwa Bukhari na Muslim, na wapo wanazuoni wakubwa walioiingiza kamera ndani yake. Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia alikuwa mmoja wao, akiruhusu tu penye dharura kama vile kitambulisho. Kwa upande wa pili, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala nzima akieleza kwamba kamera haiumbi kitu. Inakishika kivuli cha kile ambacho Allah amekwisha kukiumba, mfano wa sura ndani ya kioo. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamepita njia hiyo, nami naegemea huko. Kwa hiyo asili ya kazi yako inafaa, na ujira wake ni halali maadamu unachopiga ni halali. Mzee usibishane naye. Akisema wajukuu zake wasipigwe, wasipigwe.

Suala la mama ndilo zito zaidi, na ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni jicho. Mtume (s.a.w.) amesema jicho ni kweli, na Sahl bin Hunayf alipoanguka baada ya Amir bin Rabia kustaajabu mwili wake alipokuwa akioga, Mtume alimuuliza Amir kwa nini hakumwombea baraka. Dawa ni hiyo: ukiona picha imetoka vizuri, sema "Allahumma barik" pale pale, kabla hujamwonyesha mtu. Mzazi naye amkinge mwanawe kwa dua ambayo Mtume aliwasomea Hasan na Husayn. Hirizi ya kumfunga mtoto mkononi haina nafasi hapa.

La pili ni kwamba hukumwomba ruhusa. Hapa wapiga picha wengi wanakosea, kwa sababu wanadhani ruhusa ni ya mzazi peke yake, tena wengine hata hiyo hawaiombi. Tazama hadithi ya Sahl bin Saad: Mtume aliletewa kinywaji, kuliani kwake ameketi kijana mdogo, kushotoni wazee. Akamwomba yule kijana ruhusa awatangulize wazee. Kijana akakataa, na Mtume akampa yeye kwanza. Ikiwa mbora wa viumbe aliomba ruhusa kwa mdogo juu ya funda la kinywaji, na likakubaliwa hata "hapana" lake, basi wewe unaichukuaje sura yake kwa kujificha nyuma ya mwembe?

Utasema: nikimwambia, furaha inakufa, atasimama wima kama askari. Ni kweli, kwa dakika kumi za mwanzo. Fika uwanjani kamera ikiwa begani, wasalimie wazazi waliokaa pembeni, waeleze unapiga nini na picha zinakwenda wapi. Kisha waambie watoto wenyewe. Watakukimbilia wote, wataweka pozi na kukunja nyuso. Wapige hizo pozi nne tano na uwaonyeshe kwenye kioo cha kamera. Usizikatae, maana mtoto ambaye pozi lake halijapigwa atakufuata mchana kutwa. Baada ya hapo kaa chini bila kupiga kitu. Mchezo ni mtamu kuliko wewe, watarudi kwenye kombolela yao na kukusahau. Picha utakayopata hapo ni ya mtoto aliyesahau kwamba alikubali. Hiyo ni tofauti kabisa na ya mtoto aliyeviziwa. Na anayegeuza uso au kujificha nyuma ya mwenzake amekwisha kujibu, mwache.

Katika ufundi, piga goti hadi lenzi ilingane na macho ya mtoto. Ukipiga ukiwa umesimama, unapata vichwa vikubwa na miguu mifupi, na uwanja wote unageuka vumbi nyuma yao. Kwa anayekimbia weka kasi ya shata (muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga) 1/500 ya sekunde, kwa anayeruka kamba 1/1000, na ulengaji uwe wa kumfuata anayesogea. Mwanga ukipungua ongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) kuliko kuishusha shata, maana chengachenga kidogo zinavumilika lakini sura iliyofutika hairudi. Kwa simu, futa lenzi kwanza (nusu ya picha zenye ukungu ni mafuta ya vidole tu), na upige mfululizo. Saa sita mchana jua la utosini linatia macho kivulini. Wafuate chini ya miembe, kivuli chake ni laini na hakihitaji flashi.

Usimwite mtoto kwa "njoo nikupe pipi" ilhali mfukoni huna pipi. Mama mmoja alimwita mwanawe mbele ya Mtume kwa maneno ya namna hiyo, akaulizwa alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa kama asingempa, ingeandikwa juu yake ni uongo. Imepokewa na Abu Dawud. Na hizi video za kumtisha mtoto kwa mdoli au kumwambia mama yake amekufa, ili watu wacheke analia, hazina udhuru wowote. Haijuzu Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake, sembuse mdogo.

Ziwani Tanganyika, kuanzia Kibirizi hadi Katonga, watoto wanaoga na kujirusha kutoka kwenye mitumbwi bila nguo. Usipige. Fiqhi imelegeza katika uchi wa mtoto mdogo kwa sababu ya haja ya kumlea na kumwogesha, na haja hiyo kamera haina. Mtoto wa miaka mitatu leo kesho ni bwana harusi, na picha haikui pamoja naye. Subiri avae, au piga uso na maji yanayoruka, basi.

Mwanga mzuri kuliko wote Kigoma ni saa ya mwisho kabla ya jua kuzama. Kwetu jua linachelewa kama dakika arobaini kuliko Dar es Salaam, sehemu kubwa ya mwaka huzama karibu na saa moja jioni au baada ya hapo, kwa hiyo kuanzia saa kumi na mbili una muda wa kutosha. Lakini Mtume ameamrisha watoto wazuiwe ndani usiku unapoingia, kwa kuwa mashetani hutawanyika wakati huo, hadi kipite kitambo. Mpiga picha anayesema "moja ya mwisho" huku muadhini anaadhini anawaweka watoto wa watu nje katika saa iliyokatazwa, na swala yake mwenyewe inampita. Funga begi robo saa kabla. (Jua kujificha nyuma ya milima ya Kongo bado si Magharibi, wenye kufuturu walijue hilo pia.)

Kuhusu statasi: ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kutangaza, uliza mara mbili. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera ya simu, usionyeshe nembo ya shule wala mlango wa nyumba, na usiandike jina la mtoto. Statasi inaondoka baada ya saa ishirini na nne, ila aliyeinakili hakuulizi. Sheria ya nchi nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kutii sheria isiyomwasi Allah ni sehemu ya dini.

Yule mama mwendee nyumbani kwake, si kwa ujumbe wa simu. Futa picha mbele yake, pamoja na nakala iliyobaki kwenye pipa la simu na ile ya hifadhi ya mtandaoni, kisha muombe radhi. Na mtoto akiwepo, muombe naye.

Wallahu a'lam.