Matunzo ya mtoto hayana asilimia

Nilipotengana na mzazi mwenzangu, kila mtu kijiweni Keko, Dar es Salaam, alikuwa na hesabu yake ya matunzo. Huyu alisema sheria inakata theluthi ya kipato, yule nusu. Mzee mmoja akaapa ni shilingi 100 kwa mwezi. Mzee hakudanganya, ila alichelewa: 100 ilikuwa kwenye sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, iliyofutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Theluthi na nusu hazimo.

Kilichomo ni kifungu cha 44. Mahakama inatazama kipato na mali za wazazi wote wawili, si baba peke yake. Inatazama pia kama kuna jambo limekupunguzia uwezo wa kutafuta, kama una watoto wengine wanaokutegemea, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na haki za mtoto mwenyewe. Kiwango kinatoka hapo, na ndiyo maana ushahidi wako una uzito kuliko hesabu za kijiweni.

Mimi nilikwenda mahakamani mikono mitupu. Mwenzangu alifungua kauntabuku: unga, nauli, sare, dawa ya kikohozi, risiti ya duka la dawa imebandikwa kwa gundi ya shule. Kisha akatoa picha ya karakana yangu ya useremala, vitanda sita vimepangwa mbele. Vinne vilikuwa vya wateja, wameshalipa, mbao na msasa vimeshakula hela. Lakini nilikuwa sijaandika popote. Hela niliyokuwa nampa mkononi miezi yote ile pia sikuwa na cha kuionyesha. Iliniuma sana, maana nilikuwa natoa kweli.

Kwa hiyo baba mwenzangu, hasa wewe usiye na mshahara: andika mauzo na gharama za kila mwezi, hata mwezi uliolala bila oda. Tuma hela kwa simu na usifute ujumbe. Viatu au daftari ukinunua, omba risiti. Watoto wako wengine wataje mapema, na uwe na vyeti vyao vya kuzaliwa. Na kabla ya yote pita kwa afisa ustawi wa jamii. Wengi huelewana pale pale, na mkielewana, yaandikwe na wote msaini.

Kazi ikiyumba baada ya amri kutoka, usikae kimya ukaacha kulipa. Rudi mahakamani uombe kiwango kibadilishwe, sheria inaruhusu. Mimi nilirudi mwaka uliofuata na kauntabuku langu, na safari hiyo hakimu alilisoma ukurasa kwa ukurasa.

Na ukinyimwa kumwona mtoto, tafadhali usizuie hela kwa sababu hiyo. Haki ya kumtembelea inaombwa kivyake, na afisa yule yule wa ustawi atakuonyesha pa kuanzia.