Kidole cha Daktari na Uanaume Wako

*Nikipimwa tezi dume kwa kidole, si uanaume umekwisha? (Mbeya)*

Haujaisha. Nimeshachoka na swali hili. Na kila anayeuliza anamuulizia "rafiki". Kipimo hakimalizi dakika moja. Cha damu nacho kipo, kinapima PSA, protini ya tezi dume, ila protini hiyo hupanda hata tezi ikivimba tu bila saratani, hivyo daktari anaweza kuvitaka vyote viwili. Kikwete alipasuliwa mwaka 2014 akiwa rais, akarudi akalisema hadharani. Wewe unamficha hata mkeo.

*Mume wangu alitolewa tezi mwezi wa tatu. Tangu hapo analala sebuleni, eti chumbani joto. Nimemkosea nini? (Tandika)*

Hujamkosea, mama. Chungulia nyuma ya kochi: sitashangaa ukikuta kanga yako kuukuu imekunjwa, ina harufu ya mkojo. Joto lenyewe ndilo hilo. Baada ya upasuaji mkojo huvuja, na wengi hupata nafuu miezi ikipita, hasa wakifanya mazoezi ya kubana misuli ya nyonga. Mnunulie pedi za watu wazima, ziweke kabatini bila hotuba.

Kuhusu tendo: mishipa ya fahamu ya kusimamisha imeambaa na tezi. Hata ikinusurika kisu huzubaa, pengine mwaka, pengine miwili, na kuna wasiorudia hali yao. Shahawa hazitatoka tena, lakini kufika kileleni kunawezekana. Aliambiwa haya kabla? Labda aliambiwa peke yake, akameza. Kliniki nendeni wawili. Vidonge vipo, pampu ipo.

*Vumbi la Kongo litamsaidia aliyepasuliwa? (Morogoro)*

Hapana. Mshipa uliokatwa hauungwi na unga.

*Saratani ya baba imefika mifupani, daktari anashauri atolewe kokwa. Baba wadogo wamekataa, wasije wakamzika "nusu mtu". (Tanga)*

Kokwa ndiko inakotoka sehemu kubwa ya homoni inayoilisha saratani hii. Huggins, daktari mpasuaji wa Marekani, alilionyesha mwaka 1941. Sindano za kuizima zipo, ila hurudiwa kila baada ya mwezi au mitatu, na kila moja ina bei yake. Waulize hao baba wadogo nani atalipa. Kwa njia yoyote, hamu itapungua sana, jasho la ghafla litamjia, matiti yanaweza kujaa, asifichwe. Ila asipotibiwa, saratani ikiubana uti wa mgongo, miguu inaweza kupooza.

Barua yako ina ndugu wanne wanaosema. Mzee mwenyewe hajasema neno. Mmemuuliza?

*Nina miaka 63, naamka mara nne usiku kukojoa. Mke wangu ananisukuma nikapime. Nisubiri? (Mwanza)*

Nenda Jumatatu. Majibu usiniletee mimi, mpelekee yeye.