Mwanga haupelekei kitu

Mwalimu mmoja wa biolojia ananiuliza: "Nimewaandikia wanafunzi, 'Mwanga hupelekea tando za kloroplasti kubadilika jani linapokua.' Mwenzangu anadai utando hauna wingi. Nani yuko sahihi?"

Wewe, mwalimu. Utando umetokana na kutanda, na wingi wake ni tando, kama ukuta na kuta. Hilo limekwisha. Tuje kwenye mwiba mlioukanyaga nyote wawili bila kuusikia: hupelekea.

Kupelekea ni kumpelekea mtu kitu. Shangazi amempelekea mgonjwa uji. Yupo apelekaye, kipo kipelekwacho, yupo apelekewaye. Sasa mwanga umempelekea nani, na umempelekea nini? Watangazaji wametuzoesha mvua "kupelekea" mafuriko na mwendokasi "kupelekea" vifo, na leo bakuli la shangazi limefika hadi ndani ya jani.

Kibaya zaidi, neno hili linaimeza biolojia yenyewe. Otesha maharage kabatini, gizani: yatarefuka, yatakuwa manjano. Ndani ya majani yake hamna kloroplasti bado, yaani vile vijumba vya kijani vinavyoupikia mmea chakula kwa mwanga. Mna etioplasti, yaani kloroplasti ambayo haijakomaa kwa kukosa mwanga, na sehemu kubwa ya tando zake imesukwa ikawa kimia cha vijibomba. Humo inasubiri protoklorofilidi, malighafi ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mmea. Mwanga ukiingia, kimeng'enya kinachofanya kazi kwa mwanga tu huigeuza kuwa klorofilidi, ambayo baadaye huwa klorofili. Kimia hufumuka, tando hutandaa zikawa bapa, na baada ya saa kadhaa baadhi yake huanza kupangana kama chapati kwenye hotpoti. Marundo hayo ndiyo grana.

Kugeuza, kufumuka, kutandaa, kupangana: vitenzi vyote hivyo viko mlangoni pako, vya bure, na kila kimoja kinamwonyesha mwanafunzi kitu. Umeviruka ukaenda kuazima cha kubebea uji!

Husababisha nitaivumilia, ingawa ni ya uvivu. Hata kupelekea nimeisikia kwenye hotuba za mabingwa wa lugha, nikanywa chai yangu kimya, maana vita nyingine mtu huzipigana mpaka akachoka. Ila kwenye daftari la mwanafunzi sinyamazi. Futa, uandike: "Jani lililoota gizani likipata mwanga, tando zilizosukana hufumuka, hutandaa, kisha hupangana kuwa grana."